Kadi Mpya Ikitangazwa, Nitajuaje Kama Inafaa?

“Mwalimu, salamu kutoka Kahawa Wendani. Nimekuwa nikicheza Hearthstone, ule mchezo wa kadi, kwenye simu tangu nikiwa kidato cha nne, na sasa niko mwaka wa pili chuoni. Kila toleo jipya linapokaribia na kadi zake zikaanza kutangazwa, huzisoma zote, hubishana na wenzangu wa hosteli, kisha naishia kukosea. Toleo lililopita nilitumia vumbi 1,600, ile sarafu ya kuundia kadi, siku ya kwanza kuunda lejendari, yaani kadi ya daraja adimu kuliko yote, ya mana 8 (mana ndiyo inayolipia kadi mchezoni), ambayo kila mtu aliisifu kwenye video. Nimeshinda nayo mara chache mno. Mara nyingi hukaa mkononi mpaka mchezo unaisha. Kuna kadi ndogo ya mana 2 niliyoicheka ilipotangazwa, na hiyo ndiyo inayonipiga kila siku. Sasa nina vumbi 2,400 na dhahabu 3,000, na kadi mpya zimeanza kutangazwa tena. Je, kuna njia ya kuipima kadi kabla haijachezwa, au ni bahati tu? Ninunue kile kifurushi kinachouzwa kabla ya uzinduzi? Rafiki yangu amechukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ili akinunue, na ananihimiza nifanye vivyo hivyo. Na ile lejendari iliyoniangusha, niivunje?”

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako kwa makini, na naona kinachokusumbua ni kikubwa kuliko vumbi ulilopoteza. Unasoma kadi zote, unafikiri, unatoa hoja, na mwishowe unapata matokeo yale yale ambayo angepata mtu aliyechagua kadi huku amefumba macho. Hali hiyo inavunja moyo, hasa kwa mtu anayeupenda mchezo wenyewe na si ushindi peke yake. Nakuhakikishia kwamba njia ya kuipima kadi ipo na inafundishika, ingawa ina mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo itakayotuonyesha namna ya kutumia vumbi lako.

Tuanze na hao waliokushawishi kwenye video. Huenda unadhani kwamba mtu anayeucheza mchezo huu kwa kazi hakosei, na kwamba wewe ulikosea kwa sababu hujui. Historia ya Hearthstone inasema vingine. Toleo la Goblins vs Gnomes lilipokuwa likisubiriwa mwishoni mwa mwaka 2014, macho ya wengi yalikuwa kwa Troggzor the Earthinator, lejendari ya mana 7 yenye nguvu 6 na uhai 6, ambayo kila mara mpinzani anapotumia uchawi humwita askari mwingine wa kusimama upande wako. Dr. Boom alikuwa katika toleo hilo hilo, naye pia ni wa mana 7, mwenye nguvu 7 na uhai 7, akija na roboti mbili ndogo zinazolipuka zikifa. Dr. Boom ndiye aliyetawala michezo kwa muda mrefu, na Troggzor akasahaulika. Agosti 2015, toleo la The Grand Tournament likaleta Mysterious Challenger, kadi ya Paladin, mmoja wa mashujaa wa mchezo huu, ambayo wengi waliipuuza kwa kuwa siri za Paladin, yaani uchawi unaofichwa mpaka mpinzani auchokoze, zilijulikana kuwa dhaifu. Kadi hiyo ikawa nguzo ya mojawapo ya mafungu, yaani seti za kadi 30 ambazo mchezaji huingia nazo mchezoni, yaliyoogopwa zaidi mwaka ule.

Sikutolei mifano hii ili ufarijike kwa kuwa wengine nao hukosea. Natoa kwa sababu ukiichunguza utaona kwamba makosa hayo yana mpangilio. Mtazame tena Troggzor. Faida yake yote inategemea jambo ambalo mpinzani ndiye anayeliamua: atumie uchawi au asitumie. Mpinzani mwenye akili humkabili kwa askari wake, au humwondoa kwa uchawi mmoja na kukuachia askari mmoja wa kawaida. Dr. Boom hamwombi mpinzani ruhusa. Akitua tu, miili mitatu iko uwanjani, na hata akiuawa zamu inayofuata, zile roboti mbili bado zipo na zina kazi ya kufanya. Kwa hiyo kadi mpya ikitangazwa, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: faida yake naipata lini, na ni nani anayeamua kama nitaipata?

Baada ya hapo njoo kwenye hesabu ya mana. Unajua kwamba unaanza na mana 1, unaongezewa moja kila zamu mpaka kufikia 10, na kwamba shujaa wako ana uhai 30. Maana yake ni kwamba mana unayoitumia leo hairudi, na kila kadi unayoicheza inachukua nafasi ya nyingine ambayo ungeweza kuicheza kwa mana hiyo hiyo. Wachezaji wa zamani walikuwa na kipimo rahisi, nacho ni kuilinganisha kadi na askari asiye na maandishi yoyote. Bloodfen Raptor alikuwa wa mana 2, nguvu 3 na uhai 2. Chillwind Yeti alikuwa wa mana 4, nguvu 4 na uhai 5. Askari mpya wa mana 4 akija na nguvu 3 na uhai 3, ujue kwamba maandishi yake yameuzwa kwa nguvu moja na uhai miwili, nawe ukajiulize kama ungeyanunua kwa bei hiyo.

Kipimo hicho bado kinafaa kwa kuanzia, ila usikitumie kama kilivyokuwa mwaka 2014. Kadi zimeongezeka nguvu kadiri miaka ilivyopita, na leo ni vigumu Yeti kupata nafasi katika fungu lolote lenye ushindani. Linganisha kadi mpya na zile zinazochezwa sasa kwa mana hiyo hiyo, zikiwemo zile za seti ya msingi ambayo kila mchezaji amekuwa akipewa bure tangu mwaka 2021. Kama mana 4 za leo zinakupa askari wawili na kadi moja ya ziada, basi hicho ndicho kiwango ambacho kadi mpya ya mana 4 inapaswa kukifikia.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nadhani ndiyo iliyokuangusha. Ukiisoma kadi iliyotangazwa, inakuwa peke yake kwenye skrini yako, imepambwa, na akili yako inaiwekea mazingira yaliyo bora kuliko yote: uwanja uko sawa, mana ziko tayari, masharti yametimia. Mchezoni kadi hiyo ni moja kati ya 30, na inakuja inapotaka yenyewe. Lejendari unaweza kuweka nakala moja tu kwenye fungu. Ukianza wewe, unapewa kadi 3 na kuvuta moja kila zamu, hivyo kufikia zamu ya 8 umeona kadi 11 tu, ukiacha zile utakazobadilisha mwanzoni na zile zinazokuvutia nyingine. Uwezekano wa lejendari yako ya mana 8 kuwa miongoni mwa hizo 11 ni 11 kwa 30, yaani karibu asilimia 37. Katika michezo mingi, basi, kadi uliyoilipia vumbi 1,600 haikuwepo ulipofika wakati wake. Kuna pia ile michezo ambayo ilikuja mapema mno, ikakaa mkononi kwa zamu saba, ukicheza na kadi moja pungufu huku mpinzani akikushambulia. Ndiyo hiyo unayoiita kukaa mkononi, na haisababishwi na bahati mbaya. Ndivyo kadi nzito zilivyo zote, na ndiyo maana kadi nzito inalazimika kuwa na nguvu za kugeuza mchezo mzima ili istahili kukaa kwenye fungu.

Ile kadi ya mana 2 uliyoicheka ina sifa ambayo video hazina namna ya kuionyesha: inachezeka karibu wakati wowote inapokuja. Unaweza kuweka nakala mbili. Zamu ya 2 inafungua uwanja, na zamu ya 7 inachezwa pamoja na kadi ya mana 5. Haina siku inayokuwa mzigo. Mimi huziogopa zaidi kadi za namna hii zinapotangazwa kuliko lejendari yoyote yenye picha ya joka.

Tufanye zoezi moja pamoja, kwa kadi niliyoibuni mwenyewe ili tusivutwe na sifa za kadi yoyote iliyopo. Tuseme imetangazwa kadi ya mana 5, nguvu 3 na uhai 4, na maandishi yake yanasema: ukiicheza huku una uchawi wa mana 5 au zaidi mkononi, inaita nakala zake mbili. Hali yake bora inapendeza sana, kwani kwa mana 5 unapata miili mitatu yenye jumla ya nguvu 9 na uhai 12. Hali yake duni ni askari mmoja wa nguvu 3 na uhai 4 kwa mana 5, jambo ambalo hakuna mtu angelilipia. Thamani halisi ya kadi hii iko mahali fulani katikati, na wajibu wetu ni kupata ni karibu na upande gani.

Chukua fungu lenye nakala mbili za kadi hii na kadi nne za uchawi mzito. Zamu ya 5, ukiwa wewe uliyeanza, umeona kadi 8. Uwezekano wa kuwa na angalau nakala moja ya kadi yenyewe ni karibu asilimia 47. Ukishakuwa nayo, uwezekano wa kuwa na angalau uchawi mmoja mzito kati ya zile kadi 7 nyingine ni karibu asilimia 69. Wanaobishana hosteli hukomea hapo na kusema, “Asilimia 69, si inatosha?” Lakini tukio unalolitamani linahitaji vyote viwili kwa pamoja, na uwezekano wa hilo kutokea zamu ya 5 ni karibu asilimia 33. Katika kila michezo mitatu, unaona ile picha ya kwenye tangazo mara moja. Kubadilisha kadi za mwanzo kutakusaidia kidogo, ila kutakulazimu kushikilia uchawi mzito mkononi wakati ambapo ulihitaji kadi nyepesi za kuanzia.

Utasema tuongeze kadi za uchawi mzito ziwe sita. Sharti sasa litatimia kwa asilimia 84 ya nyakati ambazo kadi iko mkononi. Vizuri, lakini kadi hizo mbili za ziada zimeingia kwa kuondoa nyingine mbili, na bila shaka ulizoondoa ni nyepesi. Zamu ya 1 hadi ya 4 zimedhoofika, na ukifika zamu ya 5 tayari uko nyuma. Gharama hii haijaandikwa popote kwenye kadi, na naomba uizoee kuliko kitu kingine chochote katika barua hii, yaani gharama ambayo fungu zima linalipa ili kadi moja ing’are. Usiseme kadi ni nzuri kabla hujataja ni kadi ipi kati ya 30 zako itatoka ili hiyo iingie.

Ukiwa na macho hayo, rudi kwa Mysterious Challenger, utaelewa kwa nini waliompuuza walikosea ingawa hoja yao ilikuwa na mantiki. Walisema: siri za Paladin ni za mana 1 na ni dhaifu, hakuna anayeziweka, kwa hiyo kadi inayozihitaji haina maana. Ilikuwa kweli kwamba ni dhaifu zikiwa mkononi. Lakini kadi hii ya mana 6, yenye nguvu 6 na uhai 6, haikuhitaji zije mkononi. Ilizitoa yenyewe kwenye fungu, moja ya kila aina, na kuziweka uwanjani zote kwa mpigo. Sharti ambalo kwa kadi nyingine lingekuwa bahati nasibu, hii ililitimiza kwa maandishi yake, tena ikasafisha fungu kwa kuondoa kadi dhaifu ili zinazovutwa baadaye ziwe nzito. Kadi inayojitafutia washirika wake ni tofauti kabisa na kadi inayowasubiri, na tofauti hiyo unaweza kuiona siku ile ile kadi inapotangazwa.

Mshirika wa hatari mara nyingine hayumo hata kwenye toleo jipya. Grim Patron alipotoka mwaka 2015 katika Blackrock Mountain alikuwa askari wa mana 5 mwenye nguvu 3 na uhai 3, ambaye akiumia bila kufa huita mwingine kama yeye. Ukimsoma peke yake utamwona wa kuvutia tu. Lakini Warsong Commander, kadi ya zamani ambayo mtu alipewa bure, wakati ule ilimruhusu kila askari mpya mwenye nguvu zisizozidi 3 kushambulia papo hapo. Wawili hao walipokutana, mchezaji wa shujaa Warrior aliweza kumaliza mchezo katika zamu moja, mpaka Oktoba mwaka huo Warsong Commander akabadilishwa. Kwa hiyo unapoisoma kadi mpya, yatafute maneno yake kwenye kadi ulizonazo tayari. Neno kama “kila askari anapoitwa” au “kila askari anapokufa” linastahili dakika kumi za kupekua mkusanyiko wako.

Nalo “kila askari anapokufa” lina kisa chake. Kobolds & Catacombs ilipotoka Desemba 2017, ilikuwa na Corridor Creeper, ya mana 7, nguvu 5 na uhai 5, ambayo bei yake inapungua kwa mana 1 kila askari anapofariki wakati iko mkononi. Aliyesoma namba ya 7 pale pembeni aliiona ghali. Lakini askari wa pande zote mbili walihesabiwa, na katika Hearthstone askari hufa karibu kila zamu, kwa hiyo mara nyingi kadi ilichezwa kwa mana 0 au 1. Haikupita miezi mitatu ikapunguzwa nguvu kutoka 5 hadi 2. Funzo lake kwako ni kwamba kadi zenye bei inayobadilika usizisome kwa bei iliyoandikwa. Hesabu ni mara ngapi jambo linaloipunguza hutokea katika mchezo wa kawaida, bila wewe kujitaabisha kulitafuta.

Kuna jambo jingine ninalolipima, nalo huziondoa kadi nyingi. Niwazie nikiwa zamu ya 6, uwanja wangu ni mtupu, mpinzani ana askari watatu, na nimebakiwa na uhai 14. Kadi hii mpya inanifanyia nini hapo? Kadi inayoshinda unapokuwa tayari unashinda haikusaidii sana, kwa sababu mchezo huo ungeushinda hata kwa kadi ya kawaida. Lejendari nyingi zinazosifiwa wakati wa matangazo ziko katika kundi hili. Zinahitaji uwe na askari waliosalia, au uwe na zamu nzima ya kupumua. Sikuambii uzikatae zote. Nakuambia uzihesabie tu ile michezo ambayo hali hiyo hutokea.

Hapa ndipo mipaka ninayoisema inapoanza. Kadi za toleo moja huzidi 130, na hutangazwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Siku unapoipima kadi ya kwanza, hujui washirika wake wala maadui zake. Hata zikitangazwa zote, hujui ni mafungu gani yatakayojaa uwanjani, na kadi nzuri dhidi ya mafungu ya polepole inaweza kuwa haifai kabisa ikiwa kila mtu amechagua kushambulia kuanzia zamu ya 1. Hakuna hesabu inayoweza kukuonyesha jambo hilo mapema. Kwa hiyo andika maoni yako ya awali kama unapenda, lakini usiyafanye uamuzi mpaka kadi ya mwisho itoke. Na zile video za kabla ya uzinduzi, zitazame kama mnunuzi wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, anavyotazama kiatu kilichopakwa rangi vizuri: ageuze soli na kuikunja kabla ya kuuliza bei. Anayetengeneza video ana sababu halali ya kukuonyesha mchezo mmoja wa kusisimua, na hana sababu ya kukuonyesha ile tisa ambayo kadi haikufanya lolote.

Na sasa vumbi lako. Kuunda lejendari kunagharimu vumbi 1,600, na ukiivunja unarudishiwa 400. Ukikosea, umepoteza 1,200, ambazo kwa mchezaji asiyetumia pesa ni majuma mengi ya kucheza. Ukisubiri wiki moja au mbili baada ya uzinduzi, ulichopoteza ni raha ya kuwa wa kwanza, na siipuuzi raha hiyo, lakini inalingana na 1,200 kwa shida sana. Kwa kuwa kosa moja lina gharama kubwa na kungoja kuna gharama ndogo, hata mtu mwenye jicho zuri kuliko wote anapaswa kungoja. Kupima kadi mapema kunakusaidia kuelewa mchezo, kujua utakachokabiliana nacho na kufurahia mabishano ya hosteli. Vumbi liachie matokeo ya michezo halisi.

Kuna hali moja inayolegeza kanuni hii. Kadi ikipunguzwa nguvu na watengenezaji, kwa kawaida huruhusiwa kuivunja kwa thamani yake kamili kwa muda maalumu. Maana yake ni kwamba kadi iliyo na nguvu kupita kiasi ina hatari ndogo kwa vumbi lako kuliko kadi ya wastani: ikibaki ilivyo utashinda nayo, ikipunguzwa utarudishiwa. Vumbi hupotelea kwenye zile kadi zilizokaribia kuwa nzuri.

Dhahabu yako usiogope kuitumia siku ya kwanza. Pakiti ya kadi ni dhahabu 100, hivyo una pakiti 30, na katika 10 za mwanzo za toleo jipya umehakikishiwa lejendari moja. Fungua zote, cheza na ulichopata, kisha ndipo uangalie kilichopungua. Lingine ambalo wengi hulisahau ni tarehe. Katika uwanja wa Standard, unaoruhusu kadi za matoleo ya karibuni tu, toleo linalofungua mwaka wa mchezo, lile la kati ya Machi na Aprili, hukaa karibu miaka miwili, ilhali lile la mwisho wa mwaka huondoka pamoja nalo siku moja. Kadi zikiwa na ubora sawa, weka vumbi kwenye ile yenye maisha marefu mbele yake.

Kuhusu kifurushi cha kabla ya uzinduzi, jibu langu ni kwamba mtu aliyetenga pesa za burudani, ambaye hata zikipotea hatakosa nauli wala chakula, anaweza kukinunua na asiwe amefanya kosa. Bei ya kila pakiti humo kwa kawaida ni nafuu kuliko baadaye. Wewe lakini unaniandikia juu ya Fuliza, na hapo sina la kupima. Fuliza ni mkopo wenye ada zake, na pakiti ni bahati nasibu. Lejendari hutoka kwa wastani wa mara moja katika pakiti 20 hivi, na huchagui ni ipi. Usikope kwa ajili ya kadi, hata shilingi mia mbili.

Rafiki yako naye mtazame kwa upendo. Kama alikopa mara moja kwa shauku, mazungumzo yenu ya kawaida yatatosha. Kama anakopa kila toleo, anaficha anachotumia, ananunua pakiti akiwa na huzuni au hasira, au amegusa pesa za karo na kodi ya nyumba, hilo haliwezi kutatuliwa kwa ushauri wa mchezo wala kwa maandishi yangu. Nendeni pamoja kwenye ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chenu, mkae na mtu ana kwa ana. Ofisi hizo hupokea wanafunzi wenye matatizo ya kamari na madeni, na kufungua pakiti kwa pesa za kukopa kunafanana na kamari kuliko wanavyodhani wazazi na hata wachezaji.

Nawe kwa upande wa ustadi, tafuta mchezaji mmoja anayekuzidi, awe wa hosteli au uliyekutana naye kwenye maonyesho ya vibonzo na michezo kama NAICCON ya Nairobi, umwombe akae kando yako ukicheza michezo michache na umweleze kila unachofanya kabla hujakifanya. Kuna makosa ya kusoma kadi ambayo kwa kweli ni makosa ya kuicheza, na mimi siwezi kuyaona kutoka hapa. Huenda hata lejendari yako inashikiliwa zamu moja zaidi ya ilivyopaswa.

Ndiyo maana sikushauri uivunje sasa. Vumbi 400 halitakufikisha kwenye lejendari nyingine haraka, kwani pamoja na 2,400 ulizonazo bado utaweza kuunda moja tu, sawa na unavyoweza leo. Kadi nyingi zimelala toleo moja zikaamka lilipokuja lingine lenye mshirika wao. Subiri kadi za toleo hili zitangazwe zote, yatafute maneno ya lejendari yako ndani yake, na kama hakuna kinachoigusa wala kinachoiharakisha, iweke mpaka siku itakapotoka Standard. Wakati huo, kama huchezi uwanja wa Wild, ambao kadi za zamani bado zinaruhusiwa, ivunje bila kusita.